Umemetuli: alama ya kutoa iishie kwenye mchoro

Wa mwaka wa kwanza mnaokokotoa maswali ya umemetuli (umeme wa chaji zilizotulia) chini ya miembe hapa Tabora, maksi nyingi hupotea kabla kikokotoo hakijaguswa. Chora kwanza. Mshale wa kani uanzie kwenye chaji uliyoulizwa, si kwa jirani yake: zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Ukishauchora, kwenye kanuni ya Coulomb (kani = 9×10⁹ × chaji ya kwanza × chaji ya pili ÷ mraba wa umbali) ingiza ukubwa tu. Ukiingiza na alama ya kutoa, unageuza mwelekeo mara ya pili, na kani ya kuvuta inakuwa ya kusukuma.

Mfano: +3 µC na −2 µC (µC ni maikrokulombi, yaani kulombi 10⁻⁶), umbali sm 30. Geuza iwe mita 0.30; mraba wake 0.09. Juu, 9×10⁹ × 3×10⁻⁶ × 2×10⁻⁶ = 0.054. Gawanya: nyutoni 0.6, zinavutana. Ukipata 0.18, umesahau mraba, ukipata 0.00006, umeacha sentimita (kosa la mara 10,000, maana na 100 ya kubadilishia inaingia kwenye mraba).

Chaji tatu kwenye pembetatu? Usijumlishe namba kavukavu. Gawa kila kani kwenye sehemu ya mlalo (x) na ya wima (y), jumlisha kila upande peke yake, na kikokotoo kiwe kwenye digrii.