Viza ya Kuomba kwa Anayekwenda Ulaya Mara kwa Mara au Kukaa Muda Mrefu

Anayekwenda Ulaya kutembea kwa wiki mbili hana mengi ya kuchagua. Ugumu humkuta mzazi anayetaka kumwona mwanawe Hamburg kila mwaka, mfanyabiashara anayefuata mitambo Milano kila baada ya miezi michache, na kijana aliyepata nafasi ya kusoma au kazi. Hao, kabla ya kugusa fomu, wanapaswa kutofautisha viza mbili. Viza ya aina C ni ya muda mfupi, na kwa kawaida humruhusu mwenye nayo kuzunguka katika nchi zote 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Viza ya aina D hutolewa na nchi moja, kwa sheria zake yenyewe, kwa mtu anayekusudia kukaa kwake zaidi ya siku 90. Uingereza na Ireland hazimo katika eneo hilo, na kila moja ina viza zake.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba muda wa viza ndio muda wa kukaa. Viza ya aina C inaweza kuwa hai kwa mwaka mzima, au hata miaka mitano, lakini bado mwenye nayo haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Hesabu haianzi upya Januari, wala haianzi upya unapotoka na kuingia tena. Kila siku unayokuwa huko, maofisa wa mpakani hurudi nyuma siku 180, pamoja na siku hiyo yenyewe, na kuhesabu ulizokaa. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka pia.

Tuchukue mfano wa mama aliyeingia Ujerumani tarehe 10 Januari na kuondoka tarehe 9 Machi katika mwaka ambao Februari ina siku 28. Ametumia siku 59. Akirudi tarehe 1 Mei anazo siku 31 tu, hivyo lazima awe ametoka ifikapo 31 Mei, hata kama viza yake inaonyesha kwamba itaisha Desemba. Siku zake za Januari zitaanza kumrudia moja moja kuanzia tarehe 9 Julai. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha siku hizi kwenye tovuti yake, na ni vyema kukitumia kabla ya kukata tiketi, kwa sababu mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka ulioanza Oktoba 2025 huhesabu siku wenyewe.

Ikiwa safari zako zote zinaenea ndani ya hesabu hiyo, basi unachohitaji ni viza ya aina C ya kuingia mara nyingi, na hii hupatikana kwa ngazi. Kanuni ya jumla inasema kwamba aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili iliyotangulia na kuzitumia kihalali hupewa ya mwaka mmoja. Aliyetumia vizuri ya mwaka mmoja ndani ya miaka miwili iliyotangulia hupewa ya miaka miwili. Na aliyetumia ya miaka miwili ndani ya miaka mitatu iliyotangulia hupewa ya miaka mitano. Ubalozi unaweza kufupisha muda huo ukiwa na shaka juu ya mwombaji. Kwa hiyo anayekuahidi viza ya miaka mitano katika ombi lako la kwanza, kwa malipo ya pembeni, mwepuke. (Raia wa Oman wana utaratibu wao mwepesi zaidi tangu 2024, lakini Mtanzania au Mkenya anayeishi Muscat hauingii, kwa kuwa unafuata uraia.)

Historia hiyo ya kutumia viza vizuri hujengwa kwa nyaraka. Tunza pasipoti za zamani zenye viza na mihuri, na katika fomu utaje wazi kwamba unaomba kuingia mara nyingi, ukiambatisha sababu inayoonekana: mkataba wa biashara, ratiba ya mikutano, au barua ya mtoto pamoja na nakala ya kibali chake cha ukaazi. Omba kwa nchi utakayokaa zaidi, si kwa ile inayosemwa mitaani kuwa ni rahisi. Kama pasipoti inakaribia kwisha, ibadilishe kwanza, kwa maana viza ndefu haitolewi kupita uhai wa pasipoti. Bima ya safari yenye kima kisichopungua euro 30,000 huonyeshwa kwa safari ya kwanza tu, ila unatia saini kwamba utakata nyingine kwa safari zinazofuata. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake.

Hesabu ikizidi siku 90 mfululizo, au lengo likiwa masomo ya muda mrefu, ajira au kuungana na mwenzi, aina C haifai hata ikiwa ndefu, na kujaribu kuifanya ifae ndiko kunakoharibu rekodi za watu. Hapo ni aina D, na masharti hutofautiana. Ujerumani humtaka mwanafunzi athibitishe fedha za kujikimu, mara nyingi kwa akaunti iliyofungwa ambayo huruhusu kutoa kiasi maalumu kila mwezi. Ufaransa ina viza ndefu inayotumika pia kama kibali cha ukaazi, mradi mwenye nayo aithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu baada ya kufika. Siku unazokaa kihalali katika nchi iliyokupa aina D hazikatwi katika zile 90, na viza hiyo hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa kipimo kilekile cha 90 katika 180.

Omba aina D ukiwa nyumbani, na mapema, kwani miadi ya ubalozi huweza kuchukua wiki nyingi. Kwa kawaida haiwezekani kuingia kwa aina C kisha kuibadilisha huko huko, na anayelazimika kurudi Dar es Salaam au Nairobi kuanza upya hulipa nauli mara mbili, huku muhula wa chuo ukiwa umeshaanza.