Daftari Kwanza, Bidhaa Baadaye: Kufundisha Biashara katika Shule za Tanga

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi biashara huanza, mara nyingi, kwa kuwauliza wangependa kuuza nini. Mimi pia nilianza hivyo, na kikundi changu cha kwanza kikafa kabla ya muhula kwisha, ingawa mahamri yetu yalikuwa yakigombewa kila mapumziko ya saa nne. Wanafunzi waliuza, wakahesabu fedha zilizokuwamo kwenye kopo, wakaziita faida. Wiki ya tatu hatukuwa na fedha ya kununulia unga. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwapa bidhaa kabla ya kuwapa daftari. Sasa kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umelileta somo la Biashara mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, naona ni vema nieleze utaratibu ninaoufuata tangu siku hizo.

Kwa wiki mbili za mwanzo wanafunzi wasiuze chochote. Kila mmoja achore safu tano katika daftari lake, yaani tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na salio, kisha aandike humo kila shilingi inayopita mkononi mwake, iwe nauli ya daladala, karanga za mapumziko au fedha aliyotumwa nayo dukani. Sharti ni moja: aandike papo hapo, si jioni kwa kukumbuka. Tafadhali usimlazimishe mwanafunzi yeyote kusoma daftari lake mbele ya wenzake, kwa kuwa katika kila darasa wapo wanaokuja shuleni bila hata shilingi moja, na somo hili halikukusudiwa kuwafedhehesha. Hao wape hesabu ya duka la kubuni, waijaze kwa umakini uleule.

Baada ya hapo wapeleke sokoni. Kwa shule za mjini Tanga, Soko la Mgandini linafaa sana, na muda mzuri ni alasiri, biashara inapopoa na mwenye genge ana nafasi ya kuzungumza. Wagawe katika makundi ya wanafunzi wanne, wafundishe kusalimu kwanza na kujieleza, na wape swali moja tu la kuanzia: bidhaa hii unainunua kwa kipimo gani, na unaiuza kwa kipimo gani? Swali hilo linafungua mambo mengi kuliko dodoso refu, kwa sababu faida ya mchuuzi imejificha katikati ya vipimo hivyo viwili. Machungwa ya Muheza hufika kwa matenga na viroba, lakini mteja huyanunua kwa fungu. Viazi hununuliwa kwa gunia na kuuzwa kwa sado, yaani ndoo ndogo ya kupimia, na hapo mwalimu apate nafasi ya kueleza kwa nini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa na nani hupunjwa gunia linaposhonewa kilemba.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kike aliyemsalimu mama muuza machungwa, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza mbona fungu la machungwa matano linauzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kununulia. Yule mama hakukasirika. Aliinama, akavuta boksi lililokuwa chini ya meza, akatoa machungwa yaliyobonyea na mengine yenye ukungu wa kijani kwenye kikonyo, akayapanga pembeni moja baada ya jingine. “Haya nayo nimeyalipia, mwanangu,” alisema, “ila hayauziki. Bei yake inabebwa na haya unayoyaona juu.” Wale wanafunzi waliandika kimya. Ningeweza kufundisha hasara ya bidhaa kwa vipindi vitatu ubaoni nisifikie walichokielewa pale kwa dakika mbili.

Ndipo uje kwenye hesabu ya bidhaa yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Tuseme kikundi kimetumia unga kilo mbili kwa shilingi 3,600, mafuta kwa 2,500, mkaa kwa 1,500, nazi kwa 1,000, sukari kwa 800, hamira kwa 300 na iliki kwa 200. Jumla ya gharama ni shilingi 9,900. Yametoka mahamri 70, na kila moja linauzwa shilingi 200, kwa hiyo mauzo yanayotarajiwa ni shilingi 14,000. Wanafunzi wengi watasema faida ni 4,100, nao watakuwa wamepiga hatua, kwa kuwa angalau wametenganisha mauzo na faida. Lakini waulize mahamri yote 70 yamekwenda wapi. Manne yaliliwa na wauzaji wenyewe, sita yalilala, matatu yalikopwa na mkopaji hajalipa. Hayo 13 ni shilingi 2,600, kwa hiyo zilizoingia ni 11,400 na ziada halisi ni 1,500 tu. Kisha waulize ni wangapi walioamka kukanda na kukaanga. Kama walikuwa watatu kwa saa mbili, kila saa ya mtu mmoja imelipwa shilingi 250. Waache waitazame namba hiyo wenyewe. Baadhi watapendekeza kupandisha bei, wengine kupika mengi zaidi kwa mkaa uleule, wengine kuacha kula bidhaa. Kila pendekezo lipigiwe hesabu palepale kabla ya kukubaliwa.

Madeni yanahitaji ukurasa wake peke yake. Wanafunzi wa Tanga wanalijua neno mali kauli tangu nyumbani, kwamba mtu huchukua bidhaa leo na kulipa akishauza, lakini wachache wameelezwa kwamba mali kauli ni mkopo kamili ambao dhamana yake ni uaminifu wa mtu. Waandike jina la mkopaji, kiasi, siku ya kulipa, na mkopaji mwenyewe atie sahihi. Malipo ya simu nayo yaandikwe pamoja na makato yake, ambayo ni gharama kama mkaa ulivyo gharama.

Kwa madarasa ya juu huongeza somo la mkonge, kwa kuwa hakuna mfano wa soko ulio karibu nasi kuliko huo. Zao hilo lililetwa pwani yetu na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, mwaka 1893, likaukuza mji wa Tanga na bandari yake, kisha kamba za plastiki zikateka wateja wa kamba za mkonge. Hata mkulima ambaye hakuzembea aliguswa. Mteja alikuwa amepata kitu kingine. Mwanafunzi akilielewa hilo, atamuuliza mteja wake maswali mara kwa mara badala ya kutegemea kwamba aliyenunua jana atanunua kesho.

Kuhusu ruhusa, mkuu wa shule na wazazi waridhie kwa maandishi, fedha zihesabiwe na watu wawili, na mauzo yasivuke muda wa mapumziko. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituachia mashamba ya shule, lakini katika shule nyingine jembe lilibaki na elimu ikaondoka, mwanafunzi akalima bila kujua mazao yaliuzwa kiasi gani. Mradi ambao wanafunzi hawauoni ukurasa wake wa mapato usiitwe somo.

Katika kutoa alama, mimi husahihisha daftari na wala si kopo. Kikundi kilichopata hasara kikaonyesha ilipotokea hukipa alama nyingi kuliko kilichopata ziada kisichoweza kuieleza. Mwisho wa mwaka kikundi hukikabidhi daftari kikundi kinachofuata: katika ukurasa wa mwisho huorodheshwa unga uliobaki, karai, fedha taslimu na madeni ambayo hayajalipwa, kisha hutiwa sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea.