Kuongoza “Ni Salama Rohoni Mwangu” Msibani

Nafundisha kwaya hapa Majengo, Moshi, huu ni mwaka wa 19. Jumamosi nyingi nashinda mazishini, mara Old Moshi, mara Marangu, turubai limefungwa kihambani, shamba la nyumbani, katikati ya migomba. Wimbo unaoombwa zaidi ni huu, na ndio unaoharibiwa zaidi: kwa kuwa kila mtu anaujua, hakuna anayeufanyia mazoezi.

Anza na mtunzi kabla ya nota. Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Miaka 2 baadaye mkewe Anna alipanda meli ya Ville du Havre kwenda Ulaya na binti zao 4, yeye akabaki nyuma kwa ajili ya kazi. Tarehe 22 Novemba 1873 meli hiyo iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki, ikazama kwa dakika chache. Watoto wote 4 walikufa. Anna aliokolewa, akapeleka simu ya maandishi kwamba amepona peke yake. Maneno ya wimbo yalitoka katika msiba huo. Philip Bliss aliyapa sauti mwaka 1876, na sauti hiyo akaiita Ville du Havre, kwa jina la meli ile ile. Desemba ya mwaka huo huo Bliss naye alikufa na mkewe, daraja lilipokatika chini ya treni kule Ashtabula, Ohio.

Wasimulie wanakwaya haya yote siku ya mazoezi. Wakishajua, wataacha kuukimbiza wimbo. Lakini mbele ya jeneza usiyasimulie yote. Mimi niliwahi kufanya hivyo Marangu, tukimzika kijana aliyefia kwenye bodaboda. Nilipofika kwenye habari za wale watoto 4, mama wa marehemu alilia kilio ambacho bado nakisikia. Alikuwa na maiti mmoja, mimi nikamletea wengine 4. Tangu siku ile nasema tu: “Aliyetunga wimbo huu alikuwa mfiwa. Tuimbe naye.” Inatosha.

Ukiona hata hayo ni mazito kwa wafiwa, chagua “Yesu Kwetu ni Rafiki”. Joseph Scriven alikuwa Kanada, mama yake mgonjwa yuko Ireland, bahari iko katikati; mwaka 1855 akamwandikia maneno yale kumfariji. Huo nauweka pale ambapo mtoto yuko ng'ambo na hakuwahi mazishi. Kwa bibi aliyekula chumvi nyingi, “Ndiyo Dhamana” ya mama kipofu Fanny Crosby inafaa sana. Furaha yake inaruhusiwa pale.

Sasa uimbaji. Toa sauti ya chini kuliko unavyotamani. Mstari wa tatu wa ubeti unapanda, na watu waliolia tangu alfajiri koo zimekauka. Ukianza juu, hapo watapiga kelele au watanyamaza. Mimi natumia ufunguo wa C. Mazoezini anza na besi peke yao, kwa do-re-mi, mpaka waimbe bila kuangalia karatasi, kisha tena (sauti ya juu ya wanaume), kisha sauti ya pili, na soprano (sauti ya kwanza) mwisho kabisa. Soprano wanaujua tayari, wakianza wao wengine wote watawafuata.

Kazi kubwa iko kwenye kiitikio. Wanawake wanatangulia, wanaume wanajibu maneno yale yale, na hapo ndipo wanaume huchelewa. Wafundishe kuvuta pumzi wakati wanawake bado wanashikilia nota, wasingoje waimalize. Jibu lile liwe la upole, kama mtu anayemshika mwenzake bega. Ukiwa na tena 2 na besi 3 tu, inatosha. Usiazime vijana wa kupiga kelele.

Mpiga kinanda mwambie mapema asijaze midundo, na fundi mitambo apunguze spika zinazoelekea kaburini. Ubeti wa mwisho, jeneza likianza kushushwa, nyanyua mkono kinanda kinyamaze. Kwaya isogee karibu na wafiwa na kuimba kwa sauti ya kawaida, taratibu, mpaka mama au mjane aanze kuimba nao. Akianza, rudia kiitikio. Asipoanza, rudia vilevile.