Mambo ya kuweka sawa kabla redio ya ridhaa haijahitajika kwenye maafa

Mei 2024 ilitosha kutuonyesha. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, wiki moja baadae tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kuvizia huku Tanzania na kwa majirani pia. Na mnara wa simu nao unaishi kwa umeme, ukikatika unahamia kwenye betri, betri zikiisha unasubiri jenereta, na jenereta inasubiri dizeli ipite kwenye barabara ambayo huenda mafuriko yameshaibeba. Hapo ndo redio ya ridhaa, ile ya mawasiliano ya watu wa kawaida wenye leseni na siyo ya biashara, inapopata kazi, manake yenyewe haihitaji mnara wala bando, kituo kinaongea na kituo basi. Ila haiandaliwi siku hiyohiyo.

Anza na leseni. Tanzania ni TCRA, yani mamlaka ya mawasiliano, Kenya ni Communications Authority, na ukishapata kibali unapewa na jina la kituo, la Tanzania linaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Usiseme utafatilia likitokea la kutokea, siku ya maafa mtu anaezunguka na redio na antena bila karatasi anaonekana mtu wa ajabu na vyombo vinaweza kuchukuliwa. Halafu hewani huongei kwa mafumbo, sheria za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinakataza wanaridhaa kuficha maana ya wanachosema, na ujumbe wa mtu mwingine kwenda nchi nyingine unaruhusiwa wakati wa dharura au misaada ya maafa tu.

Sasa vifaa, na hapa naona wengi wanakwama. Mtu ananunua karedio ka mkononi ka wati 5 anaona kamaliza. Kale ka masafa ya 144 mpaka 146 MHz kanafika karibu na pale jicho linapofika, kwa hiyo kwa mtaani au kati ya hospitali na shule walimohifadhiwa watu kanafaa sana, lakini kutoka Kilindoni kule Mafia hadi Dar ni kilomita kama 130, hutapata mtu labda kuwe na repita katikati, yani kituo kinachopokea na kurusha tena, na repita nayo inataka umeme. Unahitaji redio ya mawimbi mafupi, ile ya HF inayofika mbali, na waya wa antena.

Waya wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua 143 ugawe kwa megahezi unapata urefu wote kwa mita, kwa 7.110 ni mita 20, yani kumi huku kumi huku, kwa 3.760 ni mita 38. Usiuweke juu sana, mita nne mpaka sita zinatosha, manake ukiwa chini mawimbi yanapanda karibu wima yanagonga anga ya juu na kurudi kama mvua juu ya eneo la kilomita mia chache kuzunguka, ndo unachotaka, huna haja ya kuongea na Japani wakati boti imezama Kilwa. Mchana tumia masafa ya MHz 7, usiku hamia ya MHz 3. Na kwa sisi wa minazi, usifunge ncha zote mbili zikakaza, upepo ukija mnazi unayumba na waya unakatika, ncha moja ipitishe kamba kwenye kapi halafu ning'iniza jiwe, mti ukiyumba jiwe linapanda na kushuka waya unabaki mzima.

Umeme: redio ya wati 100 ikirusha inavuta kama ampea 20, ikisikiliza tu ni ampea moja hivi. Betri ya asidi ya 100Ah usiihesabie zaidi ya nusu, sasa ukisikiliza siku nzima 24Ah zimeshaondoka kabla hujasema neno. Kwa hiyo shusha nguvu, wati 20 au 25 kwa kazi ya hapa karibu zinatosha mara nyingi. Weka fyuzi karibu na betri. Na sola ijaribu mapema redio ikiwa imewashwa, kuna kontrola za kuchaji za bei poa zinapiga kelele kwenye masafa mpaka husikii kitu, dawa ni kuchomoa paneli unaposikiliza.

Kitu wanachokidharau ni kuandika. Ujumbe uandike kwenye karatasi kwanza, unatoka kwa nani, unaenda kwa nani, saa ngapi, maneno mangapi, na mpokeaji aurudie wote. Saa ndo balaa. Ukisema "saa mbili" ni asubuhi au usiku? Na mwandishi akiandika 0200 UTC, yani saa za kimataifa, hiyo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, watu wa misaada wanaweza kusubiri ndege wakati imeshaondoka. Kubalianeni UTC kwenye karatasi zote. Majina ya waliofariki usiyatangaze, yeyote mwenye redio anasikia.

Halafu muhimu kuliko redio yenyewe: nani anakujua? Puerto Rico mwaka 2017 baada ya kimbunga Maria Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba ARRL, chama chao cha wanaridhaa, waendeshaji 50, na uliweza kuomba kwa sababu walishajuana. Kaongee na kamati ya maafa ya wilaya, bandari, na hospitali sasa hivi, ujue ujumbe ukifika unamkabidhi nani mkononi, la sivyo unakuwa na habari nzito na huna pa kuipeleka.

Masafa ya kukumbuka ni 3760, 7110, 14300, 18160 na 21360 kHz. Hayajatengwa kwa dharura peke yake, ni mahali pa kukutania tu, sikiliza kwanza, na ukikuta kuna kituo cha dharura kinafanya kazi kaa kimya mpaka uitwe. Chagueni Jumamosi moja, zimeni meni switchi ya nyumba, mpitishe jumbe kumi kwa betri peke yake, halafu linganisheni karatasi za huku na za kule.