Namna ya Kuitazama Filamu ya Talaka ya Mwaka 1930

Wanaokusanyika sebuleni Tabora kutazama filamu za zamani wataipenda The Divorcee ya kampuni ya MGM, iliyoongozwa na Robert Z. Leonard mwaka 1930, ilmradi waitazame bila sauti ya mtafsiri juu yake. Vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, vimetuzoesha kusimuliwa, nami sina ugomvi na wasimulizi. Lakini hii ni kazi ya miaka ya mwanzo ya filamu zenye sauti, muziki wa kusindikiza matukio ni haba, na namna mtu anavyosita kabla ya kujibu ni sehemu ya uigizaji. Anayejua Kiingereza awaeleze wenzake kisa kwa ufupi kabla ya kuanza, kisha anyamaze.

Jerry, anayeigizwa na Norma Shearer, anagundua siku ya kuadhimisha miaka mitatu ya ndoa kwamba mumewe, Ted, ametoka nje ya ndoa. Ted anamjibu kuwa jambo hilo halina maana yoyote, kisha anasafiri kikazi kwenda Chicago, na huku nyuma Jerry analala na rafiki wa mumewe. Ted anaporudi, mkewe anamwambia kwamba amesawazisha hesabu zao. Simamisheni filamu hapo hapo. Kila mmoja aseme, wanaume wakitangulia, kama jambo lile bado halina maana; halafu endeleeni, mkiutazama zaidi uso wa Shearer, aliyepata tuzo ya Oscar kwa uigizaji huu, kuliko hasira za Ted.

Bila shaka mtu atauliza wazee wako wapi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida huwataka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, na hata kabla ya baraza, shangazi na mjomba huwa wameshaitwa. Jerry na Ted wamezungukwa na marafiki wa karamu na vinywaji, wala hakuna wa kuwaketisha. Angalieni jinsi ugomvi unavyokua kwa kukosa mtu huyo.

Uwazi wa filamu hii usiwashangaze, kwani kanuni za maadili za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. Mwisho wake, unaowapatanisha wawili hao Paris, kwangu umeharakishwa. Afadhali mrudie sehemu za Paul, mwanamume mwingine anayempenda Jerry, aliyemharibu sura mwanamke aitwaye Dorothy katika ajali ya gari akiwa amelewa, kisha akamwoa kwa majuto: ndoa hiyo ya Paul na Dorothy inaonyeshwa kwa muda mfupi tu, lakini ndiyo inayomfanya Jerry aifikirie upya ya kwake.