Pampu ya joto ipi inafaa nyumba yako? Anza na nyumba kabla ya mashine

Wengi hunipigia simu wakiwa wameshachagua mashine. Huwaomba tuiweke kando kwanza tuiangalie nyumba. Pampu ya joto haichomi kitu: inachota joto nje, hewani au ardhini, na kulisukuma ndani, kama friji inavyotoa joto la chakula na kulimwaga nyuma yake. Kwa uniti 1 ya umeme unaweza kupata uniti 3 au hata 4 za joto. Ila ukitaka maji ya moto sana wakati nje ni baridi kali, kompresa, yaani mota inayosukuma joto hilo, inaelemewa na faida hiyo inashuka.

Hatua ya 1: Ziba mianya. Dari, madirisha, milango. Kisha fundi apige hesabu ya joto linalopotea chumba kwa chumba. Asikadirie kwa kutazama boila ya zamani (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba), maana nyingi zilifungwa kubwa kupita kiasi, na pampu kubwa mno huwaka na kuzima kila mara hadi kompresa inachakaa mapema.

Hatua ya 2: Jaribu nyuzi 50. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haina gharama. Kama una boila na rejeta za ukutani (vyuma vinavyopitisha maji ya moto ili kupasha chumba), subiri siku ya baridi kali, shusha maji yanayokwenda kwenye rejeta hadi nyuzi 50 za Selsiasi, uache mchana na usiku. (Tangi la maji ya kuoga usiliguse, libaki nyuzi 60, kwa sababu bakteria hatari huzaliana kwenye maji vuguvugu.) Vyumba vikibaki na joto, nyumba iko tayari. Kuna mteja aliyekuwa anataka mashine kubwa zaidi. Tulipojaribu, chumba kimoja tu cha kona ndicho kilichopoa. Tulibadilisha rejeta moja, basi.

Hatua ya 3: Sasa chagua aina.

Huna mabomba ya kupasha nyumba? Chukua ya hewa kwa hewa, inayochota joto hewani nje na kupuliza hewa ya joto ndani. Ni rahisi kufunga na hupoza wakati wa joto, lakini haipashi maji ya kuoga.

Una rejeta zilizofaulu jaribio, au mabomba ya sakafuni yanayotosheka na nyuzi 35? Chukua ya hewa kwa maji, inayochota joto hewani na kupasha maji ya mabomba hayo. Nyumba nyingi huishia hapa, na mimi naona ni sawa.

Ya ardhini ndiyo tulivu kuliko zote, kwa kuwa ndani sana ardhini joto halibadiliki sana mwaka mzima. Lakini lazima uchimbe kisima cha mita 100 hivi, au ufukie mabomba kwenye uwanja mpana. Naishauri pale baridi ni kali na ndefu, na nyumba ni kubwa.

Unahitaji maji ya moto tu? Ipo pampu yenye tangi lake. Hupoza chumba ilichomo, kwa hiyo usiifungie kabatini.

Hatua ya 4: Kagua mahali pa kukaa mashine ya nje. Hewa ikiwa na unyevu na baridi ikikaribia nyuzi 0, koili, yaani mabomba yake membamba ya kuchotea joto, hushika barafu. Mashine hugeuza mzunguko wake yenyewe kwa muda ili kuiyeyusha, na mvuke mweupe hupanda. Wateja hunipigia wakidhani inaungua. Ni kawaida. Hakikisha tu maji yake hayamwagiki njiani, yataganda.

Hatua ya 5: Muulize muuzaji swali moja. Vipeperushi hupenda kuonyesha nguvu ya mashine nje kukiwa nyuzi 7 na maji yakiwa 35. Omba takwimu za baridi kali kabisa ya unapoishi, kwa joto la maji ulilolipata hatua ya 2. Akikosa jibu, nenda kwa mwingine.