Kabla ya Kukubali Sindano ya Testosteroni

Mwanamume anayechoka bila sababu ya wazi, ambaye hamu ya tendo la ndoa imemtoka na uume hausimami tena alfajiri kama zamani, ana haki ya kutafuta jibu, wala hana la kuonea haya. Jibu hilo, hata hivyo, halipatikani kwenye vikaratasi vya nguvu za kiume vinavyobandikwa kwenye nguzo za umeme hapa Nairobi, wala halitolewi na kipimo kimoja cha damu cha testosteroni, homoni ya kiume.

Anza na kipimo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotoshwa. Testosteroni hupanda mtu akiwa usingizini, hufikia kilele asubuhi, kisha hupungua kadiri mchana unavyosonga. Kwa hiyo damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kufungua kinywa, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Ndugu yangu alitoka Kayole akakwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, akapanga foleni, na akatolewa damu saa nane mchana akiwa amekwisha kula chapati na maharagwe. Karatasi ya majibu ikasema ana upungufu, na kliniki ikamwandikia sindano siku hiyo hiyo. Kwa bahati aliomba kupimwa upya kabla ya kudungwa, na asubuhi mbili tofauti, saa mbili, kiwango chake kilikuwa cha kawaida; kilichokuwa kikimchosha ni kukoroma na kukatikiwa na pumzi usiku. Mlinzi wa zamu ya usiku naye amweleze daktari saa anazolala, maana asubuhi ya mwili wake si ile ya saa ya ukutani.

Madaktari wa mfumo wa mkojo nchini Marekani huhesabu kiwango kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita, yaani takriban nanomoli 10.4 kwa lita, kuwa upungufu, mradi mgonjwa ana dalili pia. Upungufu ukithibitika, usikimbilie dawa kabla ya kujua chanzo. Vipimo vya LH na FSH, homoni zinazoziamuru korodani, huonyesha iwapo tatizo liko kwenye korodani zenyewe au kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kipimo cha homoni ya prolaktini husaidia kugundua uvimbe wa tezi hiyo. Unene wa kupindukia, kisukari na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini nazo hushusha testosteroni, na mtu mnene akipunguza uzito kiwango chake mara nyingi hupanda bila sindano yoyote.

Swali ambalo ningependa kila mwanamume aulizwe, na ambalo husahaulika mno, ni hili: je, bado unataka kupata watoto? Testosteroni inayotoka nje huufanya ubongo uache kuziamuru korodani, na korodani zisipoamriwa huacha kutengeneza mbegu. Baada ya kuacha dawa, mbegu zinaweza kuchukua miezi 6 hata zaidi ya mwaka kurudi, na kwa wengine hazirudi kikamilifu. Anayetaka mtoto azungumze na daktari kuhusu klomifeni au homoni ya hCG, ambazo huziamsha korodani zifanye kazi yake, na kijana asikubali kuanza testosteroni kabla ya mkewe au mchumba wake kulijua jambo hili.

Asiye na mpango wa kuzaa ana njia kadhaa. Jeli hupakwa kila siku na huweka kiwango sawasawa, lakini huweza kumwambukia mke au mtoto kwa kugusana. Kwa hiyo nyumba ya chumba kimoja yenye mtoto anayebebwa haifai sana kwa jeli, isipokuwa baba anawe mikono na kufunika mahali alipopaka. Sindano za muda mfupi hudungwa kila wiki 1 hadi 4, nazo humpandisha mtu kisha zikamshusha. Ile ya muda mrefu, ya undekanoeti, hurudiwa baada ya wiki 6, halafu kila wiki 10 hadi 14, na baada ya kudungwa unapaswa kubaki kliniki nusu saa ukiangaliwa.

Tiba hii haimfai mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, wala aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni. Huongeza chembe nyekundu za damu, na Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, tayari huzisukuma juu kidogo. Hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, ipimwe kabla ya kuanza, na ikifika asilimia 54 dawa isimamishwe. Utafiti wa TRAVERSE, uliotangazwa mwaka 2023 na kuhusisha wanaume zaidi ya 5,000, haukuona ongezeko la mishtuko ya moyo wala kiharusi, ila uliona zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni.

Rudi kupimwa baada ya miezi 3 hadi 6: testosteroni, hematokriti na kipimo cha PSA cha tezi dume. Ikiwa kiwango kimefika cha kawaida na bado hujisikii tofauti, mwombe daktari aisimamishe dawa na atafute chanzo kingine.